Kwangu Mbona Inafunguka?

Kijana mmoja ninayemfundisha kuandika programu nyakati za jioni, hapa Dar es Salaam, alikesha siku tatu akitengeneza ukurasa wa bei za samaki. Wazo lilikuwa zuri: mchuuzi wa Tabata au Mbagala ajue, kabla hajapanda daladala, mnada wa asubuhi pale soko la Feri umekwendaje kwa kibua, changu na nguru. Siku ya nne, alfajiri, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi. Kiungo chenyewe kilisomeka http://localhost:5173.

Wa kwanza akajibu, "Dogo, haifunguki." Wa pili akadhani bando limemwishia. Wa tatu akazima simu, akaiwasha tena. Kijana akapiga picha skrini yake, bei zimejipanga kwa rangi za kuvutia, akaandika: "Kwangu mbona inafunguka?"

Sikumcheka, maana kauli hiyo nimeitamka mimi mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Neno localhost ni jina ambalo kila kompyuta hujiita yenyewe. Nyuma yake kuna namba 127.0.0.1, na namba hiyo haitoki nje ya mashine. Ni kama kuwaambia watu thelathini, "Tukutane nyumbani." Kila mmoja atakwenda kwake. Simu ya mchuuzi ilipoona localhost ilijitafuta yenyewe, haikukuta bei ya samaki yeyote mle ndani, ikanyoosha mikono. Hiyo 5173, kwa wapenda mafumbo, ni jina la chombo alichotumia: 5 ya Kirumi ni V, 1 ni I, 7 imeigizwa T, na 3 ukiigeuza ni E. Vite, neno la Kifaransa lenye maana ya upesi.

Wanafunzi wengi huona kuandika programu ndiyo kazi, na kuipeleka hewani ni kama kulamba stempu na kuibandika kwenye bahasha. Mimi nawaambia kinyume, na wengine huniona mkorofi: programu ya wavuti ipeleke hewani siku ya kwanza, ikiwa tupu, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kwako. Kompyuta uliyozoea inakudekeza. Ni kama nyumbani kwa mama: chakula kipo, maji ya kuoga yapo, wala hujiulizi nani kaleta. Siku unapopanga chumba chako Manzese ndipo unapogundua kwamba hata chumvi hununuliwa. Afadhali uligundue hilo ukiwa na begi moja kuliko ukiwa na kabati, kitanda na makochi barabarani.

Tuanze na vyombo. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995, akiwa kampuni ya Netscape, kwa siku 10, na kwa miaka mingi makazi yake yalikuwa hasa ndani ya kivinjari. Mwaka 2009 Ryan Dahl akaleta Node.js, programu inayoiendesha lugha hiyo nje ya kivinjari, iwe kwenye kompyuta yako au kwenye seva. Ndiyo maana leo hatua ya kwanza ya mradi ni kusakinisha Node.js, hata kama kazi yako itaishia kwenye simu za watu ambazo hazijawahi kuisikia. Kwa hiyo msimbo wa JavaScript unaweza kuwa na makazi mawili: mwingine unakaa kwenye seva, mwingine unasafiri hadi mkononi mwa mtumiaji. Likumbuke hilo tukifika kwenye siri.

Ukishakuwa na Node.js, na npm inayokuja nayo, unafungua terminali na kuandika npm create vite@latest bei-samaki -- --template react. Unaingia kwenye folda iliyozaliwa, unaandika npm install, halafu npm run dev. Ni dakika chache tu kama mtandao haujazingua, na tayari kwenye kivinjari una ukurasa wa mfano wenye kitufe kinachohesabu kila ukikibonyeza. Usikidharau kitufe hicho. Tutakutana nacho tena.

Amri ya npm install ndiyo inayoleta vifurushi, na hapa simaanishi vile vya kampuni za simu. Ni vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo mradi wako unaviegemea. Kwenye faili la package.json utaona vifurushi vichache tu, kumi hivi. Ukifungua folda ya node_modules utakuta umati, kwa sababu kila kifurushi kimekuja na jamaa zake, nao wamekuja na jamaa zao, kama msiba. Machi 2016 programa Azer Koçulu, aliyekuwa na mgogoro juu ya jina la kifurushi chake kimoja, aliviondoa vifurushi vyake vyote kwenye ghala la npm. Kimoja kati ya hivyo, left-pad, kilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi kushoto mwa neno. Miradi mikubwa iliyokiegemea, kikiwemo chombo cha kutafsiri JavaScript kiitwacho Babel, ikashindwa kujengeka, hadi npm ilipokirudisha saa chache baadaye. Wengi waliokwama siku hiyo hawakuwahi hata kulisikia jina la left-pad.

Kando ya package.json utakuta pia faili jingine, package-lock.json, refu na lisilosomeka. Watu hulifuta kila wakipata kosa, kama mtu anayechana risiti ili deni liishe. Usilifute. Ndani ya package.json mara nyingi toleo huandikwa na alama ya ^ mbele yake, kwa mfano ^4.2.1, maana yake: nipe 4.2.1 au jipya zaidi, mradi lisifike 5. Leo unaweza kupata 4.2.1, na seva ikipakua mwezi ujao ikapata 4.3.0. Hilo faili refu huandika hasa kilichokuja, toleo kwa toleo, na ukitumia npm ci badala ya npm install, seva italeta vile vile vilivyoandikwa humo, bila kujiongeza. Toleo la Node.js lenyewe nalo liandike kwenye mradi. Vite 7, kwa mfano, haikubali Node.js iliyo chini ya 20.19, na seva uliyopewa inaweza kuwa na ya zamani kuliko yako.

Sasa Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ambao Linus Torvalds aliuandika mwaka 2005. Hapa nitapita haraka: tunza kila hatua, ipeleke kwenye ghala la mtandaoni, GitHub au kwingineko, na ndani ya faili la .gitignore, orodha ya visivyotunzwa, taja node_modules na .env. La kwanza kwa sababu ni zito na hupakuliwa upya popote. La pili, kwa sababu za aibu nitakazozieleza.

Ukitaka kuondoka nyumbani kwa mama unaandika npm run build. Vite inakusanya mafaili yako yote pamoja na vifurushi unavyovitumia kweli, inayabana, na kuyaweka kwenye folda iitwayo dist. Ndani utakuta index.html na folda ya assets yenye faili lililopewa herufi za ajabu kwenye jina lake. Herufi hizo ni alama ya vidole ya yaliyomo: ukibadilisha nukta moja, jina linabadilika, na simu iliyotunza faili la zamani inajua kwamba hili ni jipya. Ndiyo maana mafaili ya assets unaweza kuyaruhusu yakae kwenye simu ya mtu mwaka mzima, ila index.html inapaswa kuulizwa seva kila mara, maana ndiyo inayotaja majina mapya.

Ukurasa ule wa mfano, pamoja na React ndani yake, ile maktaba tuliyoiomba kwa --template react, hutoka na JavaScript ya takriban kilobaiti 140 hadi 190 kutegemea toleo, na ikibanwa kwa safari inashuka hadi karibu theluthi. Si nyepesi, lakini inabebeka. Kijana wangu alikuwa ameweka picha ya nguru aliyoipiga kwa simu: megabaiti 4. Samaki mmoja akaizidi React mara ishirini. Mchuuzi anayenunua bando la siku hatakusamehe hilo, wala hatakuambia. Ataacha tu kufungua.

Jambo moja linalowashangaza wengi ni kwamba folda ya dist haihitaji Node.js. Ni mafaili ya kawaida, na seva yoyote inayojua kutoa mafaili inaweza kuyagawa. GitHub Pages, Netlify na Cloudflare Pages hufanya hivyo bure kwa miradi midogo: unawaunganishia ghala lako la Git na kuwaeleza amri ya kujenga, wao wanapakua vifurushi, wanajenga, wanaweka hewani, na kila ukituma mabadiliko wanarudia. Soma masharti lakini. Mpango wa bure wa Vercel, huduma nyingine ya namna hiyo, si wa biashara, na GitHub Pages, ambayo ukurasa wake usizidi gigabaiti 1, haikuwekwa kwa ajili ya kuendeshea duka.

Kijana akachagua mmojawapo, akaunganisha, akasubiri. Dakika moja baadaye likaja andishi jekundu: Could not resolve "./Kibua" from "src/App.jsx". Yaani, faili liitwalo Kibua halionekani. Akaniletea kompyuta kama mtu aliyeleta shahidi. Faili lilikuwepo. Ukurasa ulifunguka. Bei ya kibua ilikuwa pale.

Tazama vizuri. Ndani ya msimbo aliandika Kibua kwa herufi kubwa. Kwenye folda, faili lilikuwa kibua.jsx kwa herufi ndogo. Windows, kama ilivyo kawaida kwa Mac, haijali tofauti hiyo. Ukiita Kibua inakuletea kibua bila kukunja uso. Seva zinazojenga miradi ni za Linux, na kwa Linux hao ni samaki wawili tofauti. Alikuwa amedekezwa siku tatu bila kujua.

Akabadilisha jina la faili, akatuma tena. Andishi jekundu lile lile. Akatuma mara ya tatu, ya nne. Hapo ndipo watu huanza kuamini mambo ya kishirikina, nami siwalaumu hata kidogo, kwa sababu ukiangalia folda, jina ni sahihi. Ukiangalia msimbo, jina ni sahihi. Na bado seva inakataa. Tatizo lilikuwa Git. Kwenye kompyuta isiyojali herufi kubwa na ndogo, Git nayo hupangwa isijali, kwa hiyo alipobadilisha kibua kuwa Kibua, kwa macho ya Git hakuna kilichotokea, na GitHub lilibaki jina la zamani. Dawa ni kumwambia Git mwenyewe: git mv kibua.jsx Kibua.jsx. Mstari mmoja. Ulimgharimu jioni nzima na chapati zilizopoa.

Ukurasa ukapanda. Wachuuzi wakafungua, wakasifu. Kesho yake mmoja, aliyekuwa kwenye ukurasa wa /bei/kibua, akaburuta skrini chini ili apate bei mpya, akakutana na 404. Haya, kwa nini? Programu za namna hii zina index.html moja tu. Ukibonyeza kitu ndani yake, JavaScript ndiyo inayobadilisha kinachoonekana na kuandika anwani mpya juu, seva haijui chochote. Ukiburuta kuomba upya, ombi linakwenda kwa seva: nipe /bei/kibua. Seva inatafuta faili lenye njia hiyo, haioni, inasema halipo. Nyumbani, Vite ilikuwa ikimjibu kimyakimya kwa kumpa index.html kila alipouliza. Hewani inabidi useme. Netlify, kwa mfano, wanataka faili la _redirects ndani ya folda ya public, lenye mstari /* /index.html 200, yaani: lolote usilolijua, mpe index.html na umwambie mambo ni mazuri.

Sasa zile siri. Kijana alitaka mteja aweze kulipia oda kwa simu, na mifumo ya malipo hukupa ufunguo wa siri unaothibitisha kwamba ni wewe. Akauweka kwenye faili la .env, akalitaja kwenye .gitignore, akajiona mlinzi. Lakini jina aliloupa ufunguo huo lilianza na VITE_. Kwa Vite, herufi hizo ni tangazo: thamani hii iruhusiwe kwenda kwenye kivinjari. Siku ya kujenga, thamani inapachikwa wazi ndani ya faili la assets, na yeyote mwenye kompyuta na muda wa dakika tano anaweza kulifungua na kuisoma. Kubana msimbo si kuuficha. Kumbuka makazi mawili: kinachosafiri hadi mkononi mwa mtu ni cha mtu huyo. Ufunguo wa malipo ubaki kwenye seva; ukurasa uiombe seva yako, seva ndiyo izungumze na mfumo wa malipo.

Na kama ufunguo ulishaingia kwenye Git hata mara moja, kuufuta kwenye faili hakusaidii, kwa sababu kazi ya Git ni kukumbuka. Kuna programu zinazopekua ghala za wazi usiku na mchana zikitafuta funguo kama hizo. Omba ufunguo mpya, wa zamani uuawe, basi.

Mifumo hiyo ya malipo ina jambo jingine linalorudisha hadithi yetu mwanzo. Mteja akishaweka namba yake ya siri, mfumo hutuma majibu kwenye anwani uliyowapa. Ukiwapa localhost, watayatuma kwao wenyewe. Lazima uwe na anwani ya hadharani, yenye HTTPS, ndipo ujaribu hata shilingi moja. Sababu nyingine ya kupanda hewani mapema.

HTTPS yenyewe ni mahali pengine pa kudeka. Kijana alitaka ukurasa ujue mtumiaji yuko wapi ili uonyeshe soko la karibu. Vivinjari haviruhusu ukurasa usio na HTTPS kusoma mahali alipo mtu, lakini localhost imesamehewa. Kwa hiyo kwako inafanya kazi, kwenye anwani ya http ya kawaida inakataa, na mara nyingi inakataa bila kelele. Vyeti vya bure vipo tangu Let's Encrypt ilipoanza kuvitoa mwaka 2015. Kawaida yao hudumu siku 90, na huduma nilizozitaja huvipata na kuvihuisha zenyewe. Ukiendesha seva yako mwenyewe, panga kazi hiyo ijifanye. Cheti kilichokufa Jumamosi usiku ni adhabu.

Jina la kikoa linaweza kusubiri, lakini ukitaka la .co.tz, unalinunua kwa wakala aliyeidhinishwa. Ukishalipata unaelekeza rekodi zake kwa mwenye seva. Watu hukaa wakibonyeza na kubonyeza, wakilalamika kwamba jina halijahama. Kila rekodi ina muda wa kukumbukwa, unaohesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa nzima, na waliolitafuta jina hilo muda mfupi uliopita wataendelea na jibu la zamani mpaka saa iishe. Anayejua kwamba atahama kesho hushusha muda huo leo hadi 300.

Tumalizie na umbali, ambao kompyuta yako huufuta kabisa, kwa kuwa kutoka kwako hadi kwako ni sifuri. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva iliyoko Ulaya ni safari ndefu ya chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadhoofika vibaya. Siku kama hiyo ukurasa mwepesi wa kilobaiti 60 una nafasi ya kufika. Wa megabaiti 4 hauna. Mitandao ya kugawa nakala husaidia pia: Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Mombasa na Nairobi, hivyo picha ya nguru si lazima itoke Frankfurt kila mara. Ila kwanza ipunguze.

Kijana ameanza kazi nyingine sasa, ukurasa wa kikundi cha akina mama wanaokausha na kuuza dagaa. Safari hii jioni ya kwanza tu alitengeneza folda, akaweka Git, akaunganisha, akajenga, na kabla ya isha kiungo cha kweli kilikuwa kwenye simu ya mwenyekiti wao. Ndani hakukuwa na kitu ila ukurasa wa mfano na kile kitufe kinachohesabu. Saa moja baadaye akapokea ujumbe wa sauti, kelele za soko nyuma yake: "Mwanangu, imefunguka. Nimebonyeza nimefika 40, na wifi yangu naye kwake amefika 63. Sasa dagaa wako wapi?"